Maji Baridi Kwanza

Jioni ile nilikwenda kisimani kuchota maji ya kuwaosha wageni miguu.

Ilikuwa kazi yangu ya kila siku tangu nilipoacha shule darasa la sita, mwaka ambao homa iliwachukua baba na mama katika wiki moja. Sasa nina miaka kumi na sita, na nimeosha miguu mingi kuliko kurasa nilizowahi kusoma. Nyumba yetu ya wageni iko chini ya maporomoko ya Kasumidaki. Anayetaka kuliona hekalu la mlimani na ziwa lake hulala kwetu kwanza, kisha alfajiri hupanda. Juu ya nyumba yetu, mwendo mfupi tu, kuna jiwe refu lenye maandishi. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kulipita jiwe hilo. Mlima ulikuwa wa wanaume. Serikali iliondoa katazo hilo miaka hamsini iliyopita, na siku hizi wanawake hupanda na miavuli yao na kupanda mashua huko ziwani.

Mwenye nyumba ni Bibi Fuki, mama yake baba. Kazi tulifanya wawili, yeye na mimi. Sikuwa na mtu mwingine duniani, naye alikuwa na mimi tu.

Kabla hajanifundisha kupika wali, Bibi alinifundisha maji. Katika beseni unatia maji ya moto kwanza, halafu unapoza kwa baridi. Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwa nini. Anayeanza na baridi, akaongeza ya moto juu yake, anaandaa maji ya kuoshea maiti.

Basi siku ile mgongo wa Bibi ulikuwa umekaza. Ilikuwa siku ya tatu amelala katika chumba cha nyuma, hawezi kuinuka. Nilipompelekea uji wake mchana aliniuliza:

"Leo tarehe ngapi, Chitose?"

"Ishirini na tatu, Bibi."

Aliweka kijiko chini. Kila mwaka, tarehe hiyo ya mwezi wa kumi, Bibi hupokea wageni mwenyewe, hanipi hata beseni nilishike. Nilidhani ni kumbukumbu ya babu, nami sikuwahi kuuliza.

"Kengele ya hekalu ikilia, funga mlango," alisema. "Atakayekuja baada ya hapo, mwambie tumejaa."

"Hata kama mvua inanyesha?"

"Hata kama anakufa, Chi."

Jioni wakaja wageni wawili, wameloa chapachapa. Mmoja alikuwa Bwana Kasuga, muuza miwani kutoka mjini, mnene, mwenye maneno. Mwenzake alikuwa shemeji yake, Nomura, mwembamba kama ufito. Niliwaosha, nikawapandisha kwenye sakafu iliyoinuliwa, nikawaketisha kando ya moto. Wakaanza.

"We binti! Kama chai yenyewe inashushwa kutoka ziwani, tuambie tulale kwanza!"

"Inakuja, bwana."

"Inakuja! Tangu stesheni naambiwa inakuja. Mteremko unakuja, nyumba inakuja. Nomura, tumbo langu limeshafika hekaluni, limesali, limerudi."

"Tumbo lako?" alisema Nomura. "Lingekwama mlangoni mwa hekalu. Watawa wangelipigia kengele."

Wakacheka. Na kengele ikalia kweli, juu mlimani, ikashuka pamoja na ngurumo ya maporomoko.

Nilikwenda kufunga mlango.

Mtu alikuwa amesimama mbele yake.

Alivaa nguo nyeupe za hujaji, za kiume, na kofia pana ya majani iliyomfunika uso. Maji yalimtiririka kwenye ncha za vidole. Hakubisha hodi, hakuomba chochote. Alikuwa anatetemeka tu.

Nilikumbuka maneno ya Bibi. Nawaapieni, niliyakumbuka. Lakini nilikuwa na mtu mbele yangu, analowa, anatetemeka hadi kofia inacheza, na nyumba nyingine ya wageni ilikuwa mwendo wa saa mbili kushuka chini. Ningewezaje?

"Karibu," nikasema. "Keti hapo kizingitini, nikuletee maji."

"Binti! Chai!" Kasuga akapaza sauti.

"Naja, bwana!"

Nikawa na mambo mawili kichwani. Birika lilikuwa linachemka, nalitaka kwa chai. Ndoo ya maji ya kisimani ilikuwa mkononi. Nikamimina ndoo kwenye beseni. Nikampelekea Kasuga chai yake. Nikarudi na maji ya moto yaliyobaki, nikayaongeza juu.

Sikutambua nilichofanya. Mikono ilifanya yenyewe.

Mgeni akaingiza miguu.

Nilipiga magoti, nikakunja mikono ya nguo yangu, nikaushika mguu wa kulia. Ulikuwa mdogo. Ulikuwa laini na umekunjamana, mweupe kama mguu uliokaa majini siku nyingi. Kucha zilikuwa nyeusi. Harufu ilikuja taratibu... harufu ya mwani wa mawe, na chuma kilichoshika kutu.

Ulikuwa mguu wa mwanamke.

Si kitu, nikajiambia. Siku hizi wanawake wanapanda. Labda amevaa nguo za kaka yake kwa ajili ya mvua. Nikaendelea kusugua. Lakini maji niliyoyatia moto mwenyewe, yakitoa mvuke, yalikuwa yanapoa mikononi mwangu. Yakawa vuguvugu. Yakawa baridi. Yakawa baridi ya kuumiza mifupa.

Hapo ndipo nikaiona ndoo tupu pembeni yangu, na birika tupu juu yake.

Baridi kwanza.

Nikaiachia miguu.

"Endelea," mgeni akanong'ona. "Usiniache nusu. Yule mwenzako aliishia kwenye vifundo."

"Mwenzangu yupi?"

Nami nikaendelea, kwa sababu mikono yangu haikukubali kutoka majini. Nilimwosha hadi magotini huku nikilia bila sauti. Nilipomaliza alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Hamsini," alisema. "Kila mwaka nafika hapa. Kila mwaka yule anamimina moto kwanza, kila mwaka naungua, narudi. Leo nimeoshwa. Asante, dada."

Akapanda sakafuni.

Kwetu mgeni hapandi kabla miguu yake haijaoshwa. Hata mfalme. Nami nilikuwa nimemwosha, kwa maji yake hasa.

Alipita karibu na moto. Bwana Kasuga aliinua kikombe amsalimie, kikombe kikabaki hewani, mdomo umeachama. Moto uliinama wote upande mmoja. Mgeni hakuwaangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma kama mtu anayeijua nyumba, akausukuma mlango wa karatasi.

"Fuki," akasema.

Nikakimbia nikamfuata.

Bibi alikuwa ameketi kitandani pake. Sijui aliketije, na mgongo ule. Alikuwa ananitazama mimi, si yule.

"Chi. Umemwosha?"

"Nimemwosha, Bibi."

"Ulianza na yapi?"

Nikatazama mikono yangu. Bibi akafumba macho.

Mgeni akavua kofia. Sitaeleza uso wake wote. Ulikuwa wa msichana, labda miaka ishirini, na upande mmoja ulikuwa umebonyea kama chungu kilichopigwa teke.

Kisha... paa!

Mlio wa fimbo ngumu juu ya nyama. Hakuna aliyeshika fimbo. Mgeni alikuwa ameshusha mikono. Bega lake lilidunda, likapasuka chini ya nguo nyeupe. Na papo hapo Bibi akaangushwa ubavuni, bega lake limeporomoka.

Paa! Mbavu za mgeni. Mbavu za Bibi. Nilizisikia.

Paa!

Bibi alilia mara moja tu, sauti ya juu, kama ya mtoto. Damu ilimtoka puani, ikaenea kwenye shuka.

"Nani anampiga mzee?" Bwana Kasuga alikuwa ameingia, ameshika kuni. Namheshimu mpaka leo kwa hilo. Watu wa maneno mengi huwa wa kwanza kukimbia, yeye alikuja. "We! Nani anapiga watu humu?"

Alimwendea mgeni, akainua ile kuni. Sikuona kilichomgusa. Niliona tu mkono wake ukikunjika pasipo na kiungo, kwa mlio wa kijiti kikavu, na mwili wake mnene ukarushwa, ukapiga nguzo, ukavunja mlango. Alibaki ameketi kule nje akiutazama mfupa wake mwenyewe uliotokeza kwenye nguo.

"Nomura," aliita kwa upole, kama anayeomba maji. "Nomura, njoo uone hii."

Nomura alimburuta. Nilisikia wakitoka nje, mvuani.

Paa! Paa!

Nikajitupa juu ya Bibi.

Pigo lililofuata lilinipata mkono. Vidole viwili vya kushoto vilivunjika. Maumivu yalikuwa meupe, yalinifumba macho. Lakini sikutoka. Nilimkumbatia Bibi, mwili wake mdogo, na chini ya kifua changu nikasikia moyo wake unakwenda mbio kama wa kuku.

"Toka, dada," mgeni alisema. "Sina neno nawe."

"Niue na mimi."

"Walinipiga mara arobaini na moja. Nilihesabu, sikuwa na kingine cha kufanya. Zimebaki nyingi. Toka."

"Amekukosea nini?" nilipiga kelele. "Bibi, umemkosea nini?"

Na Bibi akaniambia. Alinong'ona chini ya shavu langu, damu ikimtoka pamoja na maneno.

"Nilikuwa kama wewe. Naosha miguu. Alikuja jioni, nguo za kiume, anakwenda juu. Nilipomshika mguu nikajua. Aliniangalia... akaweka kidole mdomoni, hivi. Akatabasamu. Nikaishia kwenye vifundo, nikasimama, nikapiga kelele. Mwanamke! Mwanamke! Baba alikuwa hapo. Babu yako alikuwa hapo. Wanaume wote wa mlimani, na fimbo zao. Walimpandisha mpaka kwenye jiwe. Kisha mpaka juu ya maporomoko."

"Kwa nini ulipiga kelele, Bibi? Kwa sababu ya dini?"

Alimeza damu. Mgeni akainama kusikiliza. Nadhani na yeye alikuwa amelingojea jibu hilo miaka yote.

"Nilitaka kuliona ziwa," alisema Bibi. "Tangu utotoni. Nalisikia maji yake yanaanguka usiku na mchana, sijawahi kuliona. Nikamtazama yeye, nikasema moyoni: kwa nini yeye alione, mimi nisilione?"

Mvua ilisikika juu ya paa.

"Ulikuwa unakwenda ziwani?" nikamuuliza mgeni.

"Nilitaka kuliona tu," alisema. "Basi."

"Nikikupeleka, utamwacha?"

Alikuwa anautazama mlango.

"Nitakupeleka sasa hivi. Nitakubeba. Umesema mimi nimekuosha, basi mimi ni ndugu yako, ndugu ndiye anayeosha. Nitakubeba mpaka ukingoni. Utamwacha?"

Taa ilianguka, ikazimika. Gizani nikasikia pigo moja zaidi. Moja tu. Bibi hakulia. Kisha kitu kizito, chenye maji, kikaniegemea mgongoni, na mikono miwili baridi ikanizunguka shingo.

"Nibebe," akasema.

Mvua ilikuwa imepungua nilipotoka. Mbinguni kulibaki mwanga wa kijivu, kiasi cha kuona njia. Kasuga na Nomura walikuwa wamejibanza chini ya paa la kisima. Nilipita mbele yao.

Mzigo wangu ulikuwa unaongezeka. Mwanzoni ulikuwa kama mtoto, baadaye kama gunia la mchele lililoloa. Maji yaliniteremka shingoni, kifuani, mpaka kwenye nyayo. Hakupumua. Alichofanya ni kuweka kidevu chake begani kwangu na kuangalia mbele.

Tukafika kwenye jiwe.

Nyuma ya jiwe, kati ya miti, kulikuwa na kishindo cha watu wengi wanaosimama kwa pamoja. Sikuona mtu. Nilinusa ubani, na jasho la wanaume.

"Mwanamke!" mmoja alisema, karibu sana.

"Mwanamke! Mwanamke!"

Fimbo ya kwanza ilinipiga goti. Nikaanguka. Ya pili mgongoni, lakini haikunifikia mimi, ilimpata yeye, nikausikia mwili wake ukipokea. Alinikaza shingo tu. Nikatambaa. Walinipiga mapaja, walinipiga visigino, walinipiga kichwa mpaka jicho moja likajaa damu. Na katika kelele zile kulikuwa na sauti moja niliyoijua. Ilikohoa kidogo kabla ya kila neno. Sauti ya babu, aliyenifundisha kuhesabu kwa kokwa za plamu.

"Babu!" nikalia. "Ni mimi! Ni Chi!"

Akakohoa. Akanipiga mdomo.

Nilitambaa hadi jiwe likabaki nyuma, na kelele zikakatika kama zimefungiwa mlango. Nikasimama. Nikapanda. Njia inajipinda kando ya maporomoko, na ngurumo yake huzuia hata mawazo. Niliwaza neno moja: Bibi. Nikifika ataachwa. Nikifika ataachwa. Kwa hiyo nilifika.

Mwezi ulikuwa unatoka nyuma ya mlima. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na ng'ambo yake taa tatu za hekalu zilionekana ndani ya maji. Nimeliona ziwa hilo mara nyingi nikipeleka chakula cha wageni. Sikuwahi kuliona zuri vile.

Mzigo ukashuka. Nikasikia nyayo zake kwenye changarawe, taratibu, hadi ukingoni. Alisimama muda mrefu. Nilikuwa nimepiga magoti, natapika damu.

"Ni hili tu?" akasema.

Nikafuta damu mdomoni.

"Wameniulia hili?"

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akageuza ule uso wake uliobonyea.

"Na yeye? Alikuja mara ngapi, katazo lilipoondolewa?"

Nikasema kweli. Nilidhani ukweli utamsaidia Bibi.

"Hajawahi kuja. Miaka hamsini, hajavuka lile jiwe. Wageni walimwambia twende, alisema ana kazi."

"Hajaliona?"

"Hajaliona."

Alilitazama ziwa, akanitazama mimi.

"Nenda nyumbani, dada," alisema.

Nilishuka nikikimbia. Goti lilikuwa limevimba, nikaanguka, nikaamka. Mgongo ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nalia kwa furaha, sioni haya kusema. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo wanaume wote wa mlimani hawakuliweza, nimemwokoa Bibi yangu. Ningemfunga bega. Ningeteremka kumwita daktari wa stesheni. Ningemsugua mgongo kila jioni mpaka awe na miaka mia.

Karibu na jiwe niliona kitu cheupe njiani.

Alikuwa Bibi.

Alikuwa ametambaa. Kutoka kitandani, kupitia mlango uliovunjika, katika matope yote yale, na bega lililovunjika na mbavu zilizovunjika. Alikuwa ameshalipita jiwe, hatua kumi na kitu. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Alikuwa ananifuata mimi. Alikuwa anakuja kunirudisha.

"Bibi! Bibi, yamekwisha! Amekuacha!"

Alinyoosha mkono akanishika nguo. Uso wake sikuuona vizuri, ulikuwa matope na damu, na miti ilizuia mwezi. Macho tu yaliwaka. Nilimpandisha mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kikapu. Nikageukia chini, nyumbani, nikaanza kushuka.

Hatua kumi hivi.

Ndipo nikaisikia sauti, sikioni kabisa.

"Chi. Geuka."

"Tunakwenda kwa daktari, Bibi."

"Sitafika kwa daktari. Unajua sitafika. Nipandishe juu. Nilione mara moja tu."

Nilisimama. Mkono wake ulikuwa unanivuta nguo, unavuta, unavuta.

"Yule yuko kule, Bibi."

"Najua. Tumesameheana. Mjukuu wangu, usininyime."

Nikageuka.

Kule juu ukingo ulikuwa mtupu. Nilimshusha polepole, nikamkalisha kwenye changarawe, mgongo wake kwenye kifua changu, nikamfuta macho kwa kiganja ili aone vizuri. Taa za hekalu zilikuwa bado zinawaka majini.

"Hilo hapo, Bibi," nikamwambia. "Umeliona?"

Alikuwa anatetemeka. Alinishika mkono mzima kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akajisukuma nyuma, kifuani kwangu. Nikadhani ni baridi. Nikamfunika.

Maji yakaja. Hayakuwa na wimbi. Yalipanda tu, taratibu, yakafika kwenye vidole vya miguu yake, yakafika kwenye vifundo. Yakasimama hapo.

Kisha mguu wa Bibi ukavutwa.

Ulivutwa kwa nguvu moja, kama samaki anavyovuta uzi, na goti lake likatoka mahali pake. Nilimkamata mkanda wa nguo. Nikachimba visigino. Nikavuta kwa vidole vizima na vilivyovunjika, nikaita hekalu, nikaita watawa, nikaita mama yangu. Mkanda ulianza kujifungua. Ulizunguka mkono wangu, ukachuna ngozi, ukaisha. Bibi alikwenda kwa mgongo, uso juu, akinitazama. Kinywa kilikuwa wazi. Hakupiga kelele. Hata sauti moja haikutoka.

Maji yakajifunga juu yake. Yakarudi mahali pake. Taa tatu zikatulia tena.

Siku ya tatu maporomoko yalimleta chini. Daktari alitoka stesheni akamkagua kwenye ghala letu, polisi akiandika. Kasuga, mkono umefungwa kwenye mbao, alishaeleza yake. Alisema hakuona hujaji yeyote akitoka nyumbani jioni ile. Alimwona msichana wa nyumba akitoka nje mvuani amejikunja, mikono nyuma, kama aliyebeba kitu, mgongoni hana kitu. Nomura alisema aliona watu wawili. Kisha akasema hapana, mmoja.

Polisi aliniuliza kwa nini nilimpandisha mgonjwa mlimani badala ya kumshusha kwa daktari. Nikamwambia aliniomba mwenyewe. Nikarudia maneno yake yote, moja moja.

Daktari aliacha kunawa mikono.

"Alikuomba lini?"

"Njiani, karibu na jiwe. Baada ya yote."

Wakatazamana. Daktari akanisogeza kando, akaniambia kwa upole, akidhani ananifariji. Taya la Bibi lilikuwa limevunjika mahali pawili, na meno yalikuwa yamekwama ndani ya ulimi. Halikuvunjwa na maji, kwani damu ilikuwa imeshaganda mle kabla hajaingia majini. Tangu alipopigwa pigo la kinywa, alisema, mzee huyu hakuweza kutamka hata neno moja.

"Ni mshtuko, binti. Mtu husikia anachotaka kusikia."

Polisi akalifuta aliloandika.

Nawaza sana juu ya lile pigo la mwisho gizani, na juu ya ule mkono uliokuwa unanivuta nguo pale njiani, unavuta, unavuta, kuelekea chini. Nawaza jinsi alivyojisukuma kifuani kwangu nami nikamfunika. Na sauti ile ilikuwa tamu, ya upole, haikuhema wala haikuwa na damu ndani yake. Iliniambia nigeuke. Iliniita mjukuu wangu.

Nami niliitikia, "Sawa, Bibi."